Kihamba Kwanza, Jina Baadaye: Kuutafuta Ukoo wa Wakulima wa Kilimanjaro katika Maandishi

Anayetafuta nasaba ya wakulima wa Uingereza ana pa kuanzia. Tangu 1841 makarani wa sensa wa nchi hiyo waliandika jina la kila aliyelala nyumbani usiku wa kuhesabiwa, na kuanzia 1851 wakaongeza uhusiano wake na mkuu wa kaya pamoja na mahali alikozaliwa. Karatasi hizo hufunguliwa miaka 100 ikishapita. Marekani inangoja 72, ndiyo maana majina ya sensa ya 1950 yaliwekwa wazi Aprili 2022. Mwenye kuipeleka njia hiyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro atagonga mwamba mapema. Hesabu za watu za 1921 na 1931 ziliegemea sana taarifa za machifu na maofisa wa boma. Sensa ya 1948, ya kwanza ya kisasa Tanganyika, iliwapanga watu kwa jinsia, kabila na makundi mapana ya umri, na kilichobaki kwa msomaji ni majedwali. Ile ya 1967 iliuliza mengi zaidi, kabila likiwamo kwa mara ya mwisho, lakini matunda yake nayo ni takwimu. Na leo Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya kila aliyehojiwa. Sensa inamweleza mtafiti kuwa ukoo wake uliishi katikati ya watu wangapi. Babu alikuwa nani, hilo halimo.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema kwamba mkulima wa Kiafrika hakuandikwa, ana masimulizi tu. Kauli hiyo inarudiwa mno, na kwa Kilimanjaro si kweli. Wakulima wa mlima ule waliandikwa tena na tena, ila na watu waliokuwa wakitafuta jambo jingine: kodi, roho, kahawa, au haki ya mpaka. Kila mwandishi aliiona familia kwa umbo lililomfaa yeye. Kwa hiyo kazi ya mwananasaba ni kutafuta kitu kimoja ambacho maandishi hayo yote yanakizunguka, na hoja yangu ni kwamba kitu hicho ni kihamba, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na wala si jina la mtu.

Jina ni nguzo dhaifu kuliko linavyoonekana. Jina la ukoo lilikuwapo, lakini halikubandikwa kwa kila mtu kama wanavyofanya Wazungu. Mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, kisha kizazi kilichofuata kikabadilisha. Kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Fikiri matokeo yake kwenye daftari: mtu huyu ni mwana wa yule, mwanawe anarudia jina la babu, mjukuu anarudia la baba, na katika mtaa mmoja wanaume watatu wa rika tofauti wanaandikwa kwa majina yaleyale mawili yakipokezana. Ubatizo ukaongeza Yosefu, Petro na Elia juu ya hayo. Mtafiti anayeruka kutoka daftari hadi daftari kwa kufuata jina pekee atawaunganisha watu wasiojuana, na mti wake utapendeza kwa macho huku mizizi yake ikiwa ya jirani.

Wapo waliolazimika kuanza na ardhi hata Ulaya. Ofisi ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea mwaka 1922, na sehemu kubwa ya sensa za Ireland za 1821 hadi 1851 ikaishia humo. Wanaotafuta mababu zao wakulima wakageukia uthamini wa ardhi ulioongozwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, ambao uliandika nani anakalia shamba lipi na anapangishwa na nani. Hawakuchukua njia hiyo kwa kupenda, lakini ilizaa elimu nzima ya kumsoma mkulima kupitia shamba lake.

Kwa Kilimanjaro, tuanze na kodi. Wajerumani waliitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaiweka upya kwa sheria yao ya 1922, kodi ya nyumba na ya kichwa. Kilichohesabiwa ni nyumba, hivyo mume wa wake watatu alilipia tatu. Bwana shauri aliona mapato. Mwananasaba anaona kwamba chini ya jina moja kuna matumbo matatu, na kwamba watoto watakaotajwa baadaye wasipachikwe kwa mama mmoja bila ushahidi. Orodha inapopangwa kwa mtaa na mchili wake, yaani mkuu wa mtaa, inamweka mtu mahali. Umri ulioandikwa humo, kama umeandikwa, ni makisio ya aliyetaka kujua kama kijana ameshafikia kulipa.

Madaftari ya kanisa ni tajiri zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891. Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893. Daftari la ubatizo linataja mtoto, baba, mama na wasimamizi, na mara nyingi ndiyo karatasi ya kwanza kabisa kumtaja mama kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka paroko arudi kwenye ukurasa wa ubatizo na kuongeza kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba nusu ya maisha ya mtu. Zaidi ya hayo lipo daftari la hali ya roho, desturi ya parokia za Kikatoliki tangu karne ya 17, linaloorodhesha waumini nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo sensa ambayo serikali haikumpa mwananasaba. Upungufu wake uko wazi: wake wa pili na wa tatu hawana nafasi ndani yake, na mzee aliyekataa ubatizo anaonekana tu kama baba wa wengine. Upande wa Walutheri, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa mwaka 1920, na mwandiko na utaratibu wa madaftari usisomwe kana kwamba kalamu ilikuwa moja tangu mwanzo.

Kahawa nayo ina vitabu vyake, tangu chama cha wakulima cha KNPA kilichoanzishwa 1925 hadi ushirika wa KNCU uliokirithi miaka ya mwanzo ya 1930. Kitabu cha chama cha msingi kinaandika mwanachama na kilo alizopeleka. Jina likikoma na jingine likaanza kupeleka mzigo kutoka kihamba kilekile, hapo kuna kifo, uzee au ugomvi, na mahakama itajibu ni kipi.

Mahakama za mwanzo ndizo hazina isiyoguswa sana na wanafamilia, ingawa Sally Falk Moore alikwisha kuonyesha thamani yake katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za kimila Kilimanjaro. Kesi ya mpaka humlazimisha mdai kusema kihamba alikipata kwa nani, na huyo kwa nani, mbele ya mpinzani ambaye ana kila sababu ya kumkanusha. Nasaba inayosimuliwa msibani haipati mtihani wa namna hiyo. Mafaili ya mirathi yana kitu kizuri zaidi: muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi wa mirathi, wenye orodha ya warithi na saini za waliohudhuria.

Pingamizi la kwanza ni zito. Je, kihamba chenyewe kilitulia? Mangi, yaani chifu wa Wachagga, aliweza kumnyang'anya mtu na kumpa mwingine. Vita vya wamangi kama Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi viliwahamisha wengi. Anayedhani kwamba kila aliyezikwa kihambani ni babu yake anaweza kujirithisha wafu wa watu. Ni kweli, lakini uhamisho wa ardhi huacha alama kuliko mabadiliko ya jina. Mimea ya masale inaonyesha mipaka na makaburi, mfongo, yaani mfereji wa maji, mara nyingi unabeba jina la aliyeuchimba, na majirani hawasahau nani alikuja kwa amri ya mangi. Ukoo unaodai kukaa mahali tangu zamani huku mfongo wake ukiitwa kwa jina la ukoo mwingine una swali la kujibu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoyaamini masimulizi: wazee wanataja vizazi saba, karatasi inatoa vitatu, kwa nini kuhangaika nayo? Masimulizi ni ushahidi, na yahojiwe kama ushahidi mwingine. Chukua hesabu ya miaka. Wengi huzidisha vizazi kwa 25 au 30. Lakini kwa mila ya kihamba, mtoto wa kwanza hukatiwa ardhi anapooa na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati hujitafutia. Safu ya waliorithi nyumba ileile ni safu ya vitindamimba, na kati ya baba na kitindamimba miaka 40 si ajabu, hasa penye wake wengi. Vizazi vitano vya nyumba moja vinaweza kufika mbali kuliko vinavyokisiwa, na ndugu wa katikati hawamo kabisa; watafutwe kwenye orodha za kodi za mitaa mingine, tambarare au mjini. Nasaba za wamangi zilizonakiliwa kwenye vitabu vya wilaya enzi za Gavana Cameron zinahitaji shaka ya ziada, kwa kuwa baada ya sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji nasaba ilikuwa hoja ya kupata cheo na mshahara.

La tatu silijibu lote. Kufuata kihamba ni kufuata wanaume, kwa kuwa ndio waliorithi. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika kanuni za urithi wa kimila, liliwaweka mabinti daraja la mwisho, ingawa kwa sababu hiyohiyo majina yao yanatajwa kwenye mafaili ya mirathi, mara nyingine pamoja na koo walikoolewa. Nyuma ya hapo kuna jina la mama kwenye ubatizo, madai ya mahari mahakamani, na ile desturi ya mtoto wa pili wa kiume, ambayo inamtaja babu mzaa mama hata pale binti yake hakuandikwa popote. Ukoo wa bibi unaweza kupatikana kwa njia hiyo. Jina lake mwenyewe, kama alikufa kabla ya misheni kufika, haliko katika daftari lolote kati ya haya.