Vinu vya Kale vya Pwani katika Picha na katika Lugha



Utangulizi

Miongoni mwa picha zilizopigwa katika mwambao wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ipo aina moja inayojirudia. Ngamia aliyezibwa macho amefungwa kwenye boriti, na boriti hiyo imeunganishwa na mchi mkubwa uliolala ndani ya kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta. Kando yake amesimama mtu mmoja au wawili, wakiielekea kamera. Chini ya picha pameandikwa maneno machache katika lugha ya Kizungu, yenye maana ya kinu cha ngamia, pamoja na jina la mji. Basi.

Picha za namna hii ziliuzwa kama kadi za posta kwa abiria wa meli, na nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba na nyaraka. Mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, peke yake una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960 hivi. Nyaraka za Taifa Zanzibar nazo zina hazina yake ya picha. Kwa hiyo mtafiti wa vinu hana upungufu wa picha. Upungufu wake ni wa namna ya kuzisoma.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba picha ya kinu, ikitazamwa peke yake, humwonyesha ngamia na kumficha mtu. Aliyepanda ufuta, aliyeuvuna, aliyemiliki kinu na aliyekesha akikiendesha hawaonekani, au wanaonekana bila majina. Ushahidi mmoja unaoweza kutusaidia kuwarejesha ni lugha ya Kiswahili yenyewe, kwa sababu lugha iliingia mahali ambapo kamera haikuingia.

Kinu katika msamiati

Tuanze na neno. Kinu ni neno la asili ya Kibantu, na maana yake ya kwanza ni chombo cha mti kilichochongwa shimo, ambacho hutumika pamoja na mchi. Kutokana na chombo hicho cha nyumbani, Waswahili walilipanua neno kadiri mitambo mipya ilivyowafikia. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, alisajili kinu cha kutwangia, kinu cha kushindikia na kinu cha moshi, yaani kile kinachoendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Katika zama zetu vyombo vya habari vinasema kinu cha nyuklia, na hakuna msikilizaji anayeshangaa. Neno lililoanzia uani kwa mama limefika kwenye atomu bila kubadili umbo.

Vitenzi vinavyoandamana na neno hilo ni vingi zaidi, na kila kimoja kina kazi yake. Mpunga hutwangwa, mahindi hukobolewa, nafaka husagwa kwa mawe yaitwayo kijaa, nazi hukunwa, tui hukamuliwa. Ufuta na miwa hushindikwa. Asiyejua tofauti hizi ataviita vyombo vyote kwa jina moja, kama walivyofanya waandishi wa maelezo ya picha.

Kitenzi shindika kinastahili kuangaliwa kwa makini. Maana yake ni kubana au kuponda kwa nguvu hadi utomvu utoke. Umbo lake la pili, sindika, ndilo lililochukuliwa na Kiswahili Sanifu cha leo katika istilahi kama usindikaji wa vyakula na viwanda vya kusindika maziwa. Kila afisa wa kilimo anapotamka neno usindikaji, anatumia neno lililokuwa likisikika katika banda la ngamia, ingawa banda lenyewe limekwisha kutoweka.

Zao lenyewe lina majina mawili: ufuta, lenye mzizi mmoja na mafuta, na simsim, lililotoka katika Kiarabu. Mafuta yake yalijulikana pia kama mafuta ya uto. Makapi yanayobaki baada ya kushindika huitwa mashudu, na wanyama hulishwa hayo. Msamiati huu unatupa mzunguko mzima wa kazi: mbegu, chombo, tendo, zao na salio. Kadi ya posta hutupa chombo peke yake.

Jinsi kinu kilivyofanya kazi

Kinu cha kushindikia kilikuwa kinu kikubwa kilichosimikwa imara ili kisiyumbe. Ndani yake uliingia mchi mzito ambao haukusimama wima kama ule wa kutwangia, bali uliegemea ukingo. Kichwa cha mchi kilishikamana na boriti iliyotoka nje ya kinu, na juu ya boriti hiyo paliwekwa mawe au uzito mwingine wa kuongeza mgandamizo. Ngamia alipozunguka, mchi ulijisugua kwenye ukuta wa kinu, mbegu zikapondeka, na msuguano ukayatoa mafuta. Macho ya mnyama yalizibwa kwa vifuniko vya ukili ili asipate kizunguzungu na asivutwe na chakula kilichokuwa karibu naye.

Ngamia hao hawakuwa wanyama wa Unguja. Waliletwa kwa bahari kutoka pwani ya Banadiri, kutoka miji kama Barawa na Mogadishu. Hivyo kinu kimoja kiliziunganisha nchi kadhaa: ngamia wa Usomali, ufuta wa mashamba ya bara ya pwani, na mnunuzi ambaye huenda alikuwa Mwarabu, Mhindi au Mfaransa. Viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille vilihitaji mbegu za mafuta kwa wingi, na tangu katikati ya karne ya 19 ufuta wa pwani yetu ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa kuelekea Ufaransa.

Kamera ilivyofika

Kamera nayo ilifika kwa njia hiyohiyo ya biashara. Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1844. Miaka miwili baadaye Kapteni Charles Guillain alianza safari ya kuichunguza pwani, iliyodumu hadi mwaka 1848. Msafara wake ulibeba vifaa vya daguereotipu, yaani ufundi wa picha uliokuwa umetangazwa mjini Paris mwaka 1839 tu. Picha hizo ndizo zilizotumika kuchora albamu iliyoambatana na kitabu chake cha mwaka 1856. Aliyekuja kupima soko alikuja pia kupima sura za watu.

Kuanzia miaka ya 1860 walijitokeza wapiga picha wakazi wa Unguja, hasa wenye asili ya Goa. A. C. Gomes alifungua studio yake katika muongo huo, na ndugu wa Coutinho wakafuata kabla ya karne kwisha. Hawa hawakuwa wapita njia. Waliishi katika mji uleule wenye vinu, wakavisikia na kuvinusa. Hata hivyo wateja wao wa kadi walikuwa wageni, na mgeni hakutaka kujua kinu ni cha nani. Alitaka kumwona ngamia.

Hapa upo ukweli wa kiufundi ambao mtazamaji husahau. Vinu vingi vilikuwa ndani ya mabanda yenye mwanga hafifu, na sahani za picha za wakati ule zilihitaji muda kupokea mwanga. Kinachotembea kingetoka kama ukungu. Ikiwa ngamia ametoka wazi kuanzia kwato hadi masikio, basi alikuwa amesimamishwa. Mchi haukuzunguka, mafuta hayakutoka, na mtu aliyesimama kando alikuwa ameacha kazi yake akingoja kamera imalize. Picha tunayoiita ya kazi ni picha ya kazi iliyokatizwa. Utulivu tunaouona ndani yake haukuwa wa kinu, ulikuwa wa kamera.

Kilichobaki nje ya fremu

Tukikubali hilo, swali linalofuata ni hili: ufuta ule ulitoka wapi? Frederick Cooper, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani, ameonyesha jinsi Malindi ilivyofufuka katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa kilimo cha mtama na ufuta, na kwamba mikono iliyolima ilikuwa ya watumwa. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameiweka hali hiyo ndani ya uchumi mpana wa Zanzibar, uliozifungamanisha karafuu, pembe za ndovu na watumwa na masoko ya dunia. Kwa hiyo kila gunia lililofika kinuni lilikuwa na historia ndefu kabla ya ngamia kupiga hatua ya kwanza.

Vinu vya miwa vinalithibitisha jambo hili kwa ukali zaidi. Muwa uliokatwa haungoji. Ukikaa, utamu wake huharibika. Kwa hiyo msimu wa kushindika ulimlazimisha mfanyakazi kufuata mwendo wa kinu, usiku na mchana. Katika bonde la mto Pangani, ambako wenye mashamba walipanua kilimo cha miwa katika miaka ya 1870, watumwa waliasi mwaka 1873. Jonathon Glassman, aliyeuchambua uasi huo, anaeleza kwamba waasi hawakutaka tu kukimbia. Walitaka nafasi yenye heshima ndani ya jamii ya Waswahili. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa katika bonde hilohilo. Tunapomwita shujaa wa mapambano, na ana haki ya kuitwa hivyo, tukumbuke pia kwamba palikuwapo watu waliokuwa na neno lao juu ya mashamba ya aina ile.

Wala utumwa wa kinuni haukuwa wa wenyeji na Waarabu peke yao. Katika miaka ya 1860 Mwingereza aitwaye H. A. Fraser aliendesha shamba la miwa na kiwanda cha sukari Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kwa kutumia watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakati sheria ya nchi yake ilimkataza kumiliki mtumwa. Mtambo ulikuwa mpya, lakini utaratibu wa kumtumikisha mtu ulikuwa ule wa zamani.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Picha nyingi za vinu vya ngamia ni za miongo hiyohiyo. Mtu anayeitazama kamera huenda alikuwa mtumwa, mtoto wa mtumwa, kibarua, au mwenye kinu. Nguo na mkao wake havitoshi kutuambia, na maelezo ya chini hayakumuuliza.

Kuvipiga picha vinu leo

Yapo mabaki. Huenda ni kinu kilichopasuka, mchi uliogeuzwa kuwa nguzo, au jiwe la kijaa lililowekwa mlangoni kama kipambo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na mji wa Lamu mwaka 2001, lakini hifadhi ya majengo haivilindi vyombo vilivyomo. Wanafunzi wenye kamera mikononi wana kazi ya kufanya, nami napendekeza mambo manne.

Kwanza, kinu kipigwe picha kama ushahidi, pande zote, pamoja na kipimo. Ndani yake papigwe kwa mwanga wa pembeni, maana mwanga huo huonyesha mikwaruzo na upande uliolika, na hapo tutajua mchi uliegemea wapi na mnyama alizunguka kuelekea upande gani.

Pili, kila sehemu ipigwe peke yake, na jina lake liandikwe kama linavyotamkwa na wazee wa mahali hapo. Mzee wa Lamu na mzee wa Pemba si lazima watumie neno moja. Tofauti hiyo isisanifishwe, kwa kuwa yenyewe ni data.

Tatu, picha za kale zirudishwe zilikopigwa. Nakala ikiwekwa mbele ya bibi mwenye umri mkubwa, aweza kutaja banda, mtaa, hata ukoo. Majina hayo yaandikwe kwa ridhaa ya wenyewe, hasa pale yanapogusa utumwa, ambao bado ni aibu inayonong'onwa.

Nne, mpiga picha aombe ruhusa na kuacha nakala. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013, ameeleza jinsi suala la kuonekana na kutoonekana lilivyo na uzito katika jamii za Waislamu wa pwani. Kinu kikiwa uani, uani ni mahali pa stara. Asiyebisha hodi atapata picha na kukosa habari.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mitambo hufa kabla ya maneno yake, lakini maneno nayo hayaishi milele. Vinu vya moshi na vya umeme viliwaondoa ngamia. Picha zikabaki, na msamiati ukabaki kwa wachache. Picha tunaweza kuzitafuta Northwestern au Kilimani mwakani, zitakuwapo. Mzee anayejua kila kipande cha kinu kiliitwaje hatuwezi kumwahirisha hadi mwakani. Idara zetu za Kiswahili na za Historia zikishirikiana katika jambo hili dogo, tutakuwa tumewapa watu walioachwa bila majina angalau lugha ya kazi yao.