Dhokra

Dhokra ni sanaa ya jadi ya India ya kusubu vinyago vya shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Huendelezwa na jamii za mafundi katika majimbo ya Chhattisgarh, Odisha, Jharkhand na West Bengal. Kondagaon, katika eneo la Bastar, ni kituo chake mashuhuri.

Fundi hufinyanga kiini cha udongo, kisha hukizungushia nyuzi nyembamba za nta, uzi kando ya uzi. Hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo: kila mstari unaoonekana kwenye mwili wa tembo au farasi aliyekamilika ulikuwa uzi wa nta. Nta hufunikwa kwa udongo laini na kuchomwa; huyeyuka na kuacha uwazi, nayo shaba ya moto hujaza nafasi yake. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna vinyago viwili vinavyofanana kabisa.

Kwa utunzaji, vumbi huondolewa kwa brashi laini kavu, hasa katikati ya mistari. Unyevu huleta kutu ya kijani. Ukwaju au ndimu hung'arisha, lakini asidi yake lazima isuuzwe na kinyago kikaushwe mara moja. Weusi wa mifereji usisuguliwe. Ndio unaodhihirisha nakshi.