Kaswende na Kipimo cha Damu katika Mji wa Bandari: Habari za Ganjoni

Mtaa wa Ganjoni umekaa upande wa kusini wa kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, baina ya Mji wa Kale, ambao mbele yake majahazi ya msimu wa kaskazi yalitia nanga karne baada ya karne, na bandari ya Kilindini, iliyozidi kupokea meli za moshi tangu reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896. Na mtaa uliokaa kati ya bandari mbili hauwezi kukosa kujua habari za wasafiri, za fedha wanazoziacha na za maradhi wanayoyachukua au kuyapata. Katika mtaa huo ndimo ilimo zahanati iliyokuwa ya baraza la mji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwapima na kuwatibu watu wenye maradhi ya zinaa. Nataka kueleza namna watu wa bandari walivyokuja kuitambua kaswende kwa njia ya damu, na namna elimu hiyo ilivyozuiliwa na mambo mawili yaliyo mazito kuliko ujinga, nayo ni aibu ya watu na ukali wa watawala.

Kaswende ilidhihiri Ulaya mwaka wa 1495, jeshi la Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa lilipokuwa Naples, na tangu siku hiyo kila taifa likawatupia jirani zake lawama ya kuileta. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama akafika Mombasa. Wako wanaopenda kuunganisha matukio hayo mawili na kumtia mgeni hatiani; mimi sioni faida katika kesi hiyo, kwani bandari ni mlango wa kuingilia na wa kutokea pia, na aliyeshughulika kumtafuta mwenye kosa aghalabu husahau kumtafuta mgonjwa.

Na mgonjwa wa maradhi haya si mwepesi kuonekana. Yapata wiki tatu baada ya kuambukizwa, pengine mapema kuliko hapo na pengine hata baada ya miezi mitatu, hutoka kidonda kisichouma, mara nyingi mahali ambapo mwenyewe hakioni, nacho hupona chenyewe baada ya wiki chache hata pasipo dawa yoyote. Kisha huja vipele, vyenye alama kubwa ya kutokea hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, pamoja na homa na uchovu, navyo pia huondoka. Hapo maradhi hunyamaza, pengine kwa miaka kumi, pengine ishirini au thelathini, kisha katika baadhi ya watu huamka na kushika moyo, ubongo, macho au mifupa. Kwa sababu hiyo kila dawa ilipata sifa isiyostahili: aliyekunywa mizizi alipona kidonda, aliyepakwa zebaki alipona kidonda, na ambaye hakufanya lolote alipona kidonda vilevile, na wote watatu wakarudi majumbani kwao na maradhi yao mwilini. Na palipokuwa na imani ya tego, kwamba mume huweza kumtegea mzinifu dawa akaugua sehemu za siri, kidonda kikawa ushahidi wa dhambi mbele za watu, na mwenye akili akakificha.

Jicho, basi, halikutosha. Mwaka wa 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann waliviona viini vya maradhi haya kwa darubini mjini Berlin, na mwaka uliofuata August von Wassermann na wenzake wakatoa kipimo cha damu kiwezacho kumfichua mgonjwa asiye na dalili yoyote. Mwaka wa 1910 ikauzwa dawa ya Salvarsan, iliyopatikana katika maabara ya Paul Ehrlich kwa kazi kubwa ya Mjapani Sahachiro Hata. Mambo hayo yote yalitokea katika muda wa miaka mitano tu, walakini Afrika ya Mashariki haikuipata elimu hiyo ikiwa safi. Huko Uganda, Kanali Lambkin, tabibu wa jeshi la Kiingereza, alitangaza mwaka wa 1908 kwamba sehemu kubwa mno ya Waganda walikuwa na kaswende, na Hospitali ya Mulago ilipoanzishwa mwaka wa 1913 kazi yake ya kwanza ilikuwa kutibu maradhi ya zinaa. Wanavyuoni waliokuja baadaye wameona kwamba hesabu ile ilitiwa chumvi nyingi, na kwamba wengi wa wale walioitwa wagonjwa wa kaswende walikuwa na maradhi mengine yenye kufanana nayo, na hasa buba.

Buba yataka maelezo, kwa kuwa ndiyo iliyowatatiza matabibu wa pwani yetu. Viini vyake ni ndugu wa viini vya kaswende, hata kwa darubini huwezi kuvitenga, lakini haiambukizwi kwa zinaa. Watoto huipata kwa kugusana ngozi, katika nchi za joto na unyevu. Kipimo cha Wassermann, na hata vipimo vilivyokifuata, haviwezi kutofautisha damu ya mwenye kaswende na damu ya mtu aliyeugua buba utotoni. Fikiria mzee mwadilifu wa shamba, aliyeugua buba akiwa mtoto, aingie mjini na kupimwa, kisha aambiwe ana maradhi ya zinaa! Dhuluma ya namna hiyo haikutokana na chuki. Ilitokana na kusoma alama ya damu bila ya kumsikiliza mwenye damu. Miaka ya 1920 serikali ya koloni la Kenya ilipoitibu buba kwa sindano za bismuthi, watu waliona vidonda vikikauka kwa siku chache, wakaja kwa makundi kwa hiari zao, na sifa ya sindano ikaenea kuliko sifa ya dawa yoyote ya kunywa. Jambo hilo latosha kuwajibu wanaosema kwamba watu wetu huikimbia hospitali kwa tabia. Waliokimbia aghalabu walikuwa wamefukuzwa na fedheha.

Watawala wa miji ya bandari walikuwa na njia mbili mbele yao, na zote mbili zimejaribiwa ulimwenguni. Ya kwanza ni ile ya sheria za Uingereza za miaka ya 1864, 1866 na 1869, zilizoruhusu polisi katika miji ya majeshi na bandari kumkamata mwanamke aliyeshukiwa, akakaguliwa kwa nguvu, ilhali baharia aliyelala naye hakuguswa. Josephine Butler na wenzake walizipinga sheria hizo kwa miaka mingi hata zikafutwa mwaka wa 1886. Ya pili ni ile ya mkataba uliotiwa sahihi Brussels mwaka wa 1924, ambao mataifa yalikubaliana ndani yake kwamba baharia wa meli za biashara, wa taifa lolote, atibiwe maradhi ya zinaa bure katika bandari, naye apewe kitabu kidogo cha matibabu ili tabibu wa bandari ifuatayo aendelee pale mwenzake alipoachia. Njia ya kwanza humwinda mtu, na ya pili huyafuata maradhi. Huku Mombasa, mwaka wa 1942, manowari za Kiingereza zilipoihama Ceylon kwa hofu ya Wajapani na kuja Kilindini, mji ulijaa wanamaji kwa maelfu. Mwaka uliofuata John Mahoney alionyesha huko Marekani kwamba penisilini huiponya kaswende, na tangu hapo hapakubaki udhuru wa kitabibu wa kumwacha mgonjwa. Hata hivyo, huko Tuskegee, Alabama, wanaume weusi wapatao 400 waliachwa na maradhi yao tangu 1932 hata 1972, damu zao zikipimwa na ukweli ukifichwa, ili madaktari wapate kutazama mwisho wao.

Nimeyataja hayo ili msomaji aipime zahanati ya Ganjoni kwa mizani ya haki. Tangu mwaka wa 1993 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani vimefanya hapo uchunguzi mrefu pamoja na wanawake wanaofanya biashara ya ngono, waliokubali wenyewe kurudi mwezi baada ya mwezi, wakaulizwa, wakakaguliwa, damu zao zikapimwa kaswende na ukimwi, na waliokutwa na maradhi yenye dawa wakatibiwa. Mengi yanayojulikana leo ulimwenguni kuhusu namna maradhi mengine ya sehemu za siri yanavyoufungulia ukimwi njia katika mwili wa mwanamke yametoka katika damu ya wanawake hao. Mji uliwanyooshea kidole. Wao wakaupa mji na ulimwengu elimu. Mimi naona wanastahili shukurani ya wazi.

Lakini haifai mtu kudhani kwamba kipimo cha kaswende ni cha wanawake wa Ganjoni peke yao. Uchunguzi uliofanywa Mwanza, Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wajawazito wasiopimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu waliuawa na kaswende. Ulionyesha pia kwamba mama aliyepimwa na kudungwa sindano moja tu ya penisilini ya benzathini alizaa salama kama mama asiye na maradhi kabisa. Wengi wa mama hao ni wake za watu, wenye nyumba na sitara zao.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Siku hizi tone la damu ya kidole hutosha kupima ukimwi na kaswende kwa pamoja, nayo ndiyo njia ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa wajawazito tangu 2019. Ajue mpimwaji kwamba ziko aina mbili za vipimo: moja huonyesha kama kaswende imewahi kuingia mwilini, na alama yake aghalabu hubaki maisha hata baada ya kupona, ya pili huonyesha nguvu ya maradhi, nayo hushuka dawa ikifanya kazi. Ajue tena kwamba katika wiki za mwanzo kipimo huweza kukosa kuona kitu, basi mwenye shaka hurudi kupimwa. Ajue pia kwamba kumtibu mke na kumwacha mume, au kinyume chake, ni kumrudishia aliyepona maradhi yale yale.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuoa au kuolewa, wewe uliye mjamzito, na wewe mume unayemsindikiza mkeo kliniki kisha ukangoja nje kivulini: ingia ndani, uombe kupimwa. Jibu hupatikana katika muda wa dakika ishirini au pungufu.