Marejeo ni Ngamani: Mombasa, Mji wa Kutengeneza Vyombo

Historia ya Mombasa imezoea kuandikwa kwa vitenzi viwili, kufika na kuondoka. Ibn Battuta alifika 1331, akapita kwenda Kilwa. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akaingiwa na shaka, akaondoka kwenda Malindi. Mreno Almeida alifika 1505, akauteka mji na kuutia moto. Ukiisoma hivyo utadhani vyombo vya baharini ni kama ndege, vinatua na kuruka. Lakini Nuno da Cunha, aliyekuwa njiani kwenda India kushika ugavana wa Wareno, aliuingia mji huu Novemba 1528 na hakutoka ila Machi 1529. Hakukaa kwa kupenda. Watu wake wengi waliugua na kufa hapa. Alikaa kwa sababu kaskazi ilikuwa ikivuma, na kaskazi humleta mtu kutoka India, haimpeleki. Mwenye manowari na mizinga alifungwa na upepo uleule uliomfunga mwenye jahazi la tende. Miezi hiyo ya kufungwa, ambayo vitabu huivuka kwa sentensi moja, ndiyo nitakayoishikilia hapa. Nadai kwamba Bandari ya Kale ilipata umbo lake kwa kazi iliyofanywa ndani ya miezi hiyo, kazi ya kutengeneza vyombo, na kwamba kazi hiyo ilisimama juu ya vitu viwili visivyouzwa dukani: muda wa kungoja, na pwani inayoachwa kavu na maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi; kusi huanza Aprili, na ikifika Juni na Julai huwa kali hata mabaharia wakasema bahari imefungwa. Jahazi lililotoka Sur ya Omani, Kuwait au Mandvi ya India likaingia Mombasa Januari lilikuwa na wiki nyingi mbele yake kabla ya upepo wa kurudi. Kushusha tende, chumvi na mazulia, kisha kupakia boriti na nafaka, ni kazi isiyokula miezi mitatu. Muda uliobaki ulikuwa wa chombo chenyewe. Na hapa kisiwa kilikuwa na mali ambayo haikuingia katika daftari la forodha. Wakati wa bamvua bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili katika mchana na usiku wake. Nahodha alikiingiza chombo maji yakiwa yamejaa mpaka penye mchanga, akakiegemeza kwa magogo ubavu huu na huu, akangoja. Saa sita baadaye alikuwa akikizunguka kwa miguu, akigonga ubao baada ya ubao kusikiliza penye sauti ya uoza. Kwa kazi ndogo kupwa kwa mara moja kulitosha. Kwa kazi kubwa mwezi ulihesabiwa: chombo kilichopandishwa siku ya kilele cha bamvua kilibaki juu ya mchanga siku zote za maji mafu, hadi bamvua ya pili ije kukiinua. Gudi la namna hii halina mlango wala mtambo wa kusukuma maji, na ada yake ni kujua tarehe ya mwezi.

Kilichotengenezwa hapo hakikuwa makosa ya waundaji. Ubao ukikaa katika bahari ya joto huliwa. Yuko mdudu wa baharini, mfano wa funza ingawa kwa ukoo ni jamaa ya kome na chaza, aingiaye katika ubao kwa tundu dogo kama la sindano, kisha akanenepa humo ndani na kuchimba njia zake, hata ubao ukawa kama sega huku uso wake ungali mzima. Nje huota mwani na magamba, chombo kikawa kizito na kivivu. Dawa ilikuwa kukwangua, kupitisha moto wa makuti makavu chini ya tumbo la chombo ili mdudu afie ndani, kuchomoa pamba iliyooza kati ya mbao na kutia kalafati mpya, kisha kupaka. Sehemu ikaayo majini ilipakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, na ndiyo sababu katika picha za zamani majahazi yaliyolala ubavu katika Bandari ya Kale yana matumbo meupe. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo mgeni huyajua kwa pua kabla ya kuyaona. Tiba hii ina umri mkubwa. Ibn Jubayr, aliyeivuka Bahari ya Shamu 1183, alikuta vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi vikipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, akasema ya papa ndiyo bora, kwa kuwa huulainisha ubao usivunjike ukigusa mwamba. Karne moja baadaye Marco Polo aliviona vyombo vya Hormuz, vimeshonwa na kupakwa mafuta ya samaki, akavidharau. Mmoja aliona ujuzi, mwingine aliona umaskini, na mafuta yalikuwa yaleyale. Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe ya pwani yetu, ikachomwa tanuruni, ikapakwa kuta za nyumba za Ndia Kuu na matumbo ya vyombo vilivyolala mbele yake. Mji na majahazi yake vilivaa nguo moja.

Lugha ni shahidi mwingine. Nahodha ni neno la Kiajemi, na nanga asili yake ni huko huko. Kalafati imetufikia kwa Kiarabu, na ndugu zake wamo katika Kireno na Kiitaliano hadi leo; ni neno la mabaharia wa bahari zote. Lakini kupwa na kujaa ni maneno ya Kibantu, na hata jina la nchi yenyewe limezaliwa humo: pwani ni mahali maji yapwapo. Mswahili ameita nchi yake kwa tendo la maji kuondoka na kuacha ardhi ya kukanyagwa. Sidai kwamba neno moja linathibitisha uchumi mzima. Nadai kwamba watu waliotazama bahari kwa jicho hilo hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba maji yakipwa chombo hutengenezeka.

Mtu wa Lamu atanikatiza hapa, na ana haki. Vyombo huundwa Matondoni na visiwa jirani, atasema. Mtepe, kile chombo cha kushonwa chenye tanga la mkeka, kilikuwa cha Bajuni na Lamu. Mombasa ilikuwa sokoni tu. Kuhusu kuunda nakubali bila ubishi. Ila kuunda ni kazi ya mara moja, na kutengeneza ni kazi ya umri mzima wa chombo. Kamba za mtepe zilioza zikahitaji kushonwa upya, na baharia wake alijulikana kwa kufua maji kuliko kwa kulala. Misumari ya chuma iliyochukua nafasi ya kamba haikuondoa tabu, iliibadili: msumari hupata kutu, tundu lake hupanuka, maji hupita. Ukibadili ubao mwaka huu, taruma mwaka kesho, kipande cha mkuku mwaka wa tatu, baada ya miaka 30 kazi ya fundi wa kwanza imebaki kiasi gani? Jina la muundaji hutajwa kwa sifa, na waliokishika chombo kisizame hawatajwi. Methali inajua zaidi kuliko sisi waandishi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa kawaida huelezwa kama onyo kwa mtu atangatangaye. Kwa baharia ni ukweli mtupu, maana ngama ndiko maji yanakokusanyika, na ndiko hali ya chombo inakosomwa.

Kuna kipingamizi kizito zaidi. Majahazi makubwa ya Ghuba yalikuja na seremala wao, na mabaharia walikwangua na kupaka kwa mikono yao wenyewe. Basi Mombasa ilichangia nini? Ilichangia vyote ambavyo havikubebwa melini. Pwani, kwanza. Kisha chokaa, mafuta, kamba, magogo ya kuegemeza, mbao za mbambakofi na miti ya mikoko, maji ya kunywa na chakula cha watu waliokaa bila mshahara wa safari. Na tusisahau mashua na majahazi ya mwambao huu, yaliyokwenda Lamu, Pemba na Tanga bila seremala, nayo yalikuwa mengi kuliko ya wageni na yalitegemea mafundi wa mji moja kwa moja.

Thamani ya pwani hiyo huonekana vizuri inapokosekana. Wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, kuanzia 1696 hadi 1698, Ureno ilileta manowari iitwayo Santo António de Tanná, iliyoundwa kwa msaji huko Bassein, India. Ilisukumwa ufukoni, usukani wake ukaharibika, na Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome. Kwa bandari ya amani usukani uliovunjika si msiba. Ni kazi ya bamvua moja, wapatikane mbao na mafundi. Lakini kisiwa kilikuwa mikononi mwa adui, na walioko ngomeni walimiliki ukuta bila kumiliki mchanga. Wanaakiolojia walioichimbua meli hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 walitupa maarifa mengi juu ya uundaji wa meli za Wareno. Kwangu mimi ni ushahidi pia kwamba ngome imara isiyo na pwani ya kutengenezea haiwezi kuokoa chombo kilicho umbali wa kutupa jiwe.

Basi kazi hii ilififiaje? Jibu la haraka ni mvuke: reli iliyoanza 1896, gati za kina kirefu Kilindini zilizokamilika 1926, na meli za chuma. Tarehe zinalikataa jibu hilo. Alan Villiers, Mwaustralia, alisafiri na jahazi la Kuwait liitwalo Bayan hadi Mombasa, Zanzibar na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, zaidi ya miaka 10 baada ya gati za Kilindini, na alikuta biashara iliyo hai. Mwaka 1969 J. H. A. Jewell alichapisha kitabu kizima juu ya majahazi ya Mombasa. Meli ya mvuke ilichukua shehena kubwa kubwa na kuliachia jahazi shehena zake, na jahazi likaendelea kungoja upepo, na likingoja lilitengenezwa. Kilichovunja mambo ni kitu kidogo zaidi: injini ya dizeli ndani ya jahazi lenyewe. Chombo chenye injini hakina sababu ya kukaa hapa hadi Aprili. Hushusha, hupakia, hurudi kutengenezwa kwao. Kwa macho ya mtu aliyesimama ukutani ni jahazi lilelile la mbao. Kwa fundi wa pwani ni mteja aliyepotea. Mengine yaliongezea: mafuta ya Kuwait, yaliyoanza kuuzwa nje 1946, yakawapa mabaharia kazi nyumbani, mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yakatikisa safari za zamani, na 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje, shehena iliyokuwa ikilipia safari ya kurudi. Haya yalipunguza idadi ya vyombo. Injini iliondoa muda.

Wako watakaosema tusililie kazi iliyotokana na udhaifu wa mbao. Fiberi haiozi, wala mdudu haigusi, na huko Lamu mafundi wameunda hata dau la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, lililosafiri hadi Zanzibar 2019. Sina ugomvi na fiberi, na dau lile limeundwa na mikono ileile iliyozoea tezo na msumeno. Lakini kusema kwamba kazi imeisha kwa sababu mbao zimeisha si kweli. Mashua za wavuvi bado ni za mbao, bado hupandishwa mchangani, bado hutiwa pamba. Vyombo vya mbao vyenye injini bado hufunga Bandari ya Kale vikitoka Zanzibar, Pemba na Somalia, na majahazi mengine yamegeuzwa mikahawa ya kuelea, nayo huvuja kama yalivyovuja yakiwa na boriti. Kinachopungua ni mahali. Kila ukuta mpya wa saruji unaojengwa ukingoni mwa maji huchukua kipande cha pwani, na uhifadhi wetu hauna jicho la kuliona hilo. Ngome ya Yesu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Milango ya kuchongwa na roshani za Mji wa Kale zina sheria na maafisa wake. Mchanga ambao maji huuacha wazi mara mbili kwa siku huhesabiwa kuwa si kitu, na wenye mamlaka hawana budi kuupima, kuuandikisha na kuuzuia usizibwe, kama wanavyozuia mlango wa msaji usiuzwe. Nawe msomaji, ukienda Mji wa Kale siku ya bamvua, chagua saa ambayo maji yamepwa, na utazame chini ya ukuta kabla ya kutazama juu.