Mgeni, Mhamaji na Mwenyeji: Historia ya Ndege wa Msimu katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Vitabu vingi vya elimu ya ndege vilivyotungwa Ulaya huanza habari za mbayuwayu kwa kusimulia kuwasili kwake. Mwezi wa Aprili, baridi ikiisha kupungua na miti ikianza kuchipua, ndege huyu huonekana tena juu ya mashamba ya Uingereza na Ujerumani, na watu huihesabu siku hiyo kuwa dalili ya majira mapya. Mwezi huohuo, juu ya mashamba ya chai ya Kericho na malisho ya Bomet, mambo huwa kinyume. Mbayuwayu waliokuwa wakijipanga juu ya nyaya tangu Septemba na Oktoba wanatoweka, na mvua kubwa imekwisha kuanza. Kuwasili kwao kule ndiko kuondoka kwao huku.

Kwa mtazamaji wa ndege tofauti hii ni ya tarehe tu. Kwa mwanafunzi wa lugha ni tofauti ya mahali aliposimama msemaji. Kiswahili kinapoipokea elimu hiyo kwa njia ya tafsiri, hupokea pamoja nayo macho ya yule aliyeiandika kwanza: ndege huwa "mhamaji" au "mgeni" kwa sababu mwandishi aliyahesabu makao yake kuwa ni ya kaskazini. Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi elimu ya ndege hawa ilivyojengwa, jinsi Kiswahili kilivyowapa majina, na kwa nini maneno mgeni na mhamaji yanapaswa kutumiwa kwa uangalifu zaidi katika nchi ya chai kuliko pengine popote.

Kalenda mbili

Nchi inayozungumziwa iko magharibi ya Bonde la Ufa, katika mwinuko wa mita 2,000 hivi, nayo imepakana na msitu wa Mau upande wa mashariki. Wenyeji wake ni Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kinandi. Katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, A. C. Hollis alieleza kwamba mwaka wa watu hao uligawanyika katika nyakati mbili: iwotet, wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Agosti, na keme, wakati wa ukavu na mavuno, kuanzia Septemba hadi Februari. Majina ya miezi nayo yalichukuliwa katika hali ya nchi. Rob-tui ni mwezi wa mvua nyeusi au mawingu meusi. Puret ni mwezi wa ukungu.

Kalenda hii haikutungwa kwa ajili ya ndege, lakini inalingana na mwendo wao kwa namna ya kustaajabisha. Ndege watokao Ulaya na Asia huingia nchi hii keme inapoanza, na wengi wao huondoka iwotet inaposhika. Mbayuwayu huruka chini chini juu ya michai wakinasa wadudu. Ndege wala nyuki, ambao baadhi ya orodha huwaita keremkerem, hupita juu kwa makundi, na mara nyingi sauti yao husikika kabla hawajaonekana. Ndege wadogo wa kifua cha manjano, watikisao mkia bila kukoma, hufuata miguu ya ng'ombe malishoni wakiokota wadudu wanaoshtuliwa. Katika miti ya kando ya mashamba, vijindege vya rangi ya majani mabichi kutoka misitu ya Ulaya ya kaskazini hutafuta viwavi, navyo havionekani kwa urahisi ila kwa mwenye subira.

Kinyume chake, kalenda ya Ulaya haina mahali pa kukaa hapa. Watafsiri wamezoea kuyaita majira ya kuchipua "masika" na majira ya majani kupukutika "vuli". Kwa hesabu ya miezi tafsiri hiyo haina kosa kubwa. Kwa maana inapotosha, kwa kuwa masika na vuli ni majina ya mvua, wala si ya kuchipua na kupukutika. Mwandishi akisema kwamba ndege "huwasili wakati wa masika", msomaji wa Kericho atadhani kwamba mwandishi huyo hajapata kuinua macho yake juu.

Elimu iliyoandikwa

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya hawakujua ndege hao walikwenda wapi. Wako walioamini kwamba mbayuwayu hulala majini, chini ya matope, mpaka baridi ipite. Ushahidi mmoja wa mwanzo ulitoka mkononi mwa Mwafrika asiyejulikana jina. Mwaka 1822, huko Mecklenburg, Ujerumani ya kaskazini, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki uliotengenezwa Afrika ya kati. Ndege huyo alikuwa ameruka nao mpaka Ulaya, na mwili wake umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Hivyo basi, swali lililowashinda wanazuoni lilijibiwa kwa silaha ya mwindaji ambaye, yamkini, hakuwa na shaka yoyote kuhusu mahali korongo wake alipoishi.

Baadaye ilitumika njia ya pete. Mwalimu wa Kidenmark, H. C. C. Mortensen, alianza mwaka 1899 kuwafunga ndege pete zenye namba na anwani. Mbayuwayu aliyefungwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika ya Kusini, Desemba 1912. Katika Kenya yenyewe kazi kubwa ya namna hii imefanyika Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969. Huko, usiku wa ukungu, ndege wanaosafiri huvutwa na mwanga wa taa, wakanaswa kwa nyavu, wakapimwa na kuachiliwa.

Kwa upande wa nchi ya Wakipsigis, maandishi ya elimu hii yanaanza pamoja na maandishi ya utawala. Mwaka 1889 Frederick Jackson aliongoza msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki uliopitia Sotik, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Bomet, kuelekea magharibi. Alikusanya ndege njiani, na ngozi zao zikaelezwa London na Bowdler Sharpe. Jackson alipata kuwa Gavana wa Uganda. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda kilikamilishwa na W. L. Sclater na kutolewa mwaka 1938, baada ya kufa kwake. Mkono uliochora mipaka ndio ulioandika orodha. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1909 kiliendeleza kazi hiyo, na miongozo iliyofuata, kama ile ya J. G. Williams ya mwaka 1963 na ile ya Zimmerman, Turner na Pearson ya mwaka 1996, iliandikwa kwa Kiingereza.

Majina

Msomi mmoja wa ndege anastahili kutajwa katika kurasa za lugha. R. E. Moreau alifanya kazi Amani, Tanganyika, kuanzia 1928 hadi 1946, na kitabu chake juu ya safari za ndege baina ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka 1972, baada ya kifo chake. Ndiye aliyekadiria kwamba ndege wapatao bilioni 5 huingia Afrika kila mwaka. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichapisha pia makala juu ya majina ya ndege katika lugha za Tanganyika ya kaskazini mashariki, na mengine juu ya utani. Msaidizi wake mkuu porini alikuwa Salimu Asmani. Moreau alitambua kwamba jina la ndege si kibandiko tu, bali ni ushahidi wa yale ambayo jamii imeona haja ya kuyatofautisha.

Kwa kipimo hicho, Kiswahili cha kawaida kinaonyesha jambo la maana: hakitofautishi ndege wa msimu na ndege wakaao. Mbayuwayu ni mbayuwayu, awe yule aliyevuka jangwa la Sahara au yule ajengaye kiota cha udongo chini ya paa la nyumba ya Kericho asiondoke mwaka mzima. Ndege wala nyuki wa msitu wa milimani, mkaazi wa hapo, na mwenzake wa Ulaya apitaye juu, huitwa kwa jina moja. Neno korongo lina upana zaidi: huweza kumtaja korongo mweupe, ambaye ni wa msimu, na pia korongo-taji, ambaye Wanandi humwita kong'ony na ambaye, kwa mujibu wa Hollis, ni alama ya ukoo. Hivyo neno moja limebeba msafiri wa mbali na mwenyeji wa karibu kabisa, ndege ambaye watu wamejihesabia undugu naye.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upungufu wa msamiati unaohitaji kuzibwa. Ni kweli kwamba mwanasayansi anahitaji majina yasiyochanganya, na kazi ya kuyasanifu haina budi kufanyika. Lakini isisahauliwe kwamba jina la kawaida lilikuwa na busara yake. Lilimtambua ndege kwa umbo lake na kazi yake mahali alipo, wala halikumwuliza kwanza alikozaliwa.

Mgeni na mhamaji

Swali la kuzaliwa wapi liliingia pamoja na istilahi. Kitenzi -hama maana yake ni kuacha makao na kwenda kufanya makao pengine. -Hamia huonyesha mahali panapoendewa. Mtu aliyehama hatazamiwi kurudi. Mbayuwayu hurudi kila mwaka, pande zote mbili, kwa hiyo kusema kwamba "amehama" ni kusema nusu ya habari. Tena, ahesabiwe muda wake. Teleka wa Ulaya hukaa Uingereza kama miezi mitatu tu. Iliyobaki huwa Afrika au njiani. Mbayuwayu hubadilisha manyoya yake ya kurukia huku kusini. Hoja ya kwamba makao ni pale penye kiota ina nguvu, bali si hoja pekee.

Katika Kericho maneno haya yana uzito mwingine. Baada ya msafara wa kijeshi wa 1905 dhidi ya Wakipsigis wa Sotik, ardhi iligawiwa walowezi. Na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianzisha mashamba makubwa ya chai. Waliokuwa wenyeji waligeuzwa kuwa maskwota juu ya ardhi ya baba zao. Mwaka 1934 sheria ilitungwa ya kuuhamisha ukoo wa Talai, nao ukapelekwa Gwassi, karibu na ziwa. Wakati huohuo mashamba yalihitaji mikono, na wafanyakazi wakaja kutoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya. Watoto na wajukuu wao walizaliwa katika nyumba za mashamba hayo. Hata hivyo, katika mapigano ya 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa namna hiyo waliitwa "wageni" na "madoadoa", na wengi walifukuzwa.

Binadamu si ndege, na dhuluma ya ardhi haitatuliwi kwa kamusi. Lakini historia hiyo inafundisha kwamba neno mgeni si kipimo cha elimu. Ni hukumu, na hukumu hutegemea nani anashika kalamu. Mhenga aliyesema "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" alijua kwamba ugeni una mwisho, na kwamba kazi humfanya mtu kuwa sehemu ya mahali. Mbayuwayu aliyenasa wadudu juu ya michai kwa miezi sita ameshika jembe lake.

Kiswahili hakina haja ya kuazima ili kueleza mwendo huu. Watu wa pwani, kwa karne nyingi, waliishi na waliokuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Msimu lilikuwa jina la upepo na biashara yake, na mabaharia wengi walikuwa na jamaa pande zote mbili za bahari. Hawakuhesabiwa kuwa wamehama. Walihesabiwa kuwa wamekuja na msimu. Ndege wa Kericho hutangulia kaskazi kwa majuma machache, na huondoka kusi ikianza. Istilahi "ndege wa msimu" inawafaa kwa sababu inataja mwendo wao bila kuamua ni upande upi ulio kwao.

Hitimisho

Mwaka 2006 Siku ya Ndege Wahamao Duniani ilizinduliwa katika nchi ya Kenya yenyewe, huko Laikipia. Walakini siku iliyochaguliwa kuadhimishwa kila mwaka ilikuwa ya mwezi wa Mei, wakati ambapo mtoto wa shule wa Bomet akitazama juu hatawaona wengi wa ndege wanaosherehekewa. Tangu 2018 siku hiyo huadhimishwa mara mbili, Mei na Oktoba. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, kalenda ilisema kweli upande mmoja tu wa dunia, na ilisahihishwa kwa kuongezwa siku moja. Maneno hayasahihishwi kwa wepesi huo. Yakishaingia katika vitabu vya shule hukaa, na mtoto atakayesoma kwamba mbayuwayu wa nyayani kwao ni mgeni hataona sababu ya kuuliza ni nani aliyesema hivyo, naye alikuwa amesimama wapi.