Safari ya Mabahiss na Maji Yenye Uhaba wa Oksijeni

Historia ya kuyafahamu maji yenye uhaba wa oksijeni katika Bahari ya Uarabuni haiwezi kuelezwa bila kuitaja Mabahiss, meli ya Misri ambayo kati ya Septemba 1933 na Mei 1934, kwa fedha za wasia wa mwanasayansi John Murray na chini ya uongozi wa Seymour Sewell, ilipima maji na kukusanya viumbe kutoka Bahari ya Shamu hadi Zanzibar. Juya lake lilipokokotwa kwenye sakafu ya bahari karibu na Omani, lilipandisha tope lililonuka haidrojeni salfaidi, gesi ya vitu vinavyooza pasipo hewa, na wanyama hawakuonekana. Eneo hilo likaandikwa kuwa halina uhai.

Chanzo cha uhaba huo ni upepo uleule uliopeleka majahazi Uarabuni. Kusi huyasukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Omani, na maji baridi yenye rutuba hupanda mahali pake. Planktoni, yaani viumbe waeleao na mikondo, huongezeka mno, kisha mabaki yao yanapozama bakteria huyaozesha na kuimaliza oksijeni. Kwa kuwa upande wa kaskazini umezibwa na nchi kavu, maji mapya hufika polepole, na tabaka linaloanzia kama mita 150 hadi kupita mita 1,000 hubaki na oksijeni kidogo sana.

Hata hivyo, ukiwa wa sakafu haukuwa ushahidi wa ukiwa wa maji yaliyo juu yake. Mwaka 1968 James Childress alichapisha uchunguzi wa Gnathophausia ingens, krasteshia mwekundu afananaye na kamba, aishiye katika tabaka kama hilo nje ya California, akionyesha kwamba mnyama huyo hutosheka na oksijeni hiyohiyo kidogo. Matamvua yake, viungo vya kupumulia majini, ni mapana na yana ngozi nyembamba; hupitisha maji mengi juu yake; na hemosianini, protini ya damu yenye shaba, hunasa oksijeni hata inapokaribia kwisha. Huo ni ustadi wa mwili unaostahili kustaajabiwa, kwani mnyama huyo hajifichi humo kwa muda bali ameufanya uhaba kuwa makazi.

Kopepodi, krasteshia wadogo wa planktoni, walieleweka baadaye, nyavu zinazofunguka na kufungwa kwenye kina maalumu zilipotenganisha wakazi wa kila tabaka. Katika Bahari ya Uarabuni, kopepodi Lucicutia grandis alikutwa kwa wingi kwenye ukingo wa chini wa tabaka lenye uhaba, pale oksijeni inapoanza kuongezeka kidogo, akijilisha chembe zinazozama kutoka juu.