Padri, Mnara na Uzi Wenye Nati

Kisa cha Galileo kuangusha vitu viwili kutoka mnara wa Pisa kimesimuliwa mno madarasani mwetu, nami sikipendi. Kilitufikia kwa kalamu ya mwanafunzi wake, Viviani, miaka mingi baada ya siku inayodaiwa. Galileo mwenyewe hakuacha maelezo ya tukio hilo. Akisikiapo, mtoto hubaki na shujaa mmoja na umati ulioduwaa.

Ukweli una watu wengi zaidi. Katika karne ya 6, Yohana Philoponus wa Alexandria, Misri, alikwisha kuandika, kinyume cha Aristotle, kwamba vitu vya uzito tofauti vikiachiwa kutoka kimo kimoja hufika chini kwa tofauti ndogo sana ya muda. Mwaka 1586 Mholanzi Simon Stevin alitangaza jaribio lake: matufe mawili ya risasi, moja zito mara kumi kuliko jingine, yaliangushwa futi 30 juu ya ubao, na mishindo yake ikasikika kama mmoja. Galileo alileta vipimo. Kwa kuwa kitu kiangukacho kilizishinda saa za zama zake, aliteremsha tufe la shaba katika mfereji wa ubao ulioinama, akapima muda kwa uzani wa maji yaliyochuruzika. Kitabu chake cha 1638 kilitoa kanuni: katika vipindi sawa vya muda, masafa huongezeka kwa 1, 3, 5, 7.

Ninayemstahi zaidi, hata hivyo, ni mpinzani wake. Padri Giovanni Battista Riccioli, Mjesuiti wa Bologna, alikataa kwamba dunia hulizunguka jua, tena alizitilia shaka takwimu za Galileo. Basi akatengeneza pendulamu, akawaweka wenzake waihesabu ikiyumba usiku na mchana, kisha akaangusha matufe kutoka mnara wa Asinelli. Kanuni ya Galileo ikasimama. Riccioli akaichapa habari hiyo mwaka 1651, pamoja na ile isiyompendeza mtu yeyote: kwamba hewa huyachelewesha kidogo matufe mepesi.

Kila mwaka hupokea wanafunzi wanaotaja 9.8 bila kusita, ambao hawajapata kuangusha hata kokoto mbele ya mwalimu. Hao ndio kesho watakaosomewa mapato na matumizi ya kijiji chao, wapige makofi. Tunaambiwa maabara hazipo. Sawa, uzi upo, nati tano zipo, sinia la bati lipo. Funga nati moja kwenye ncha ya uzi, nyingine kwenye sentimita 10, 40, 90 na 160 kutoka hapo. Simama juu ya dawati, ninginiza uzi mpaka nati ya chini iguse sinia, achia. Milio minne itafuatana kwa vipindi sawa. Kwenye uzi wa pili zifunge nati kwa nafasi zinazolingana, nayo milio itafukuzana. Kabla ya kuachia, kila aliyemo darasani aandike anachotarajia kusikia, na karatasi ya mwalimu iwekwe mezani pamoja na za wengine.